Cha juu kwenye raba: kipi ni jasho lako, na kipi ni kumziba mwenzako njia?

Mleta uzi, Dar es Salaam

Ndugu zangu, huu ni mwaka wangu wa saba nauza raba, nyingi za mtumba na chache mpya. Nilianza na jozi tatu nilizozipigia picha juu ya stuli, uani kwetu Buguruni, na leo nina wateja wa kudumu ambao wengi wao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza mzigo mzuri unapatikana wapi na bei ipandishwe vipi, lakini ni nadra mtu kuuliza amtendeeje anayenunua, anayemuuzia, na yule anayegombea naye jozi moja kwenye meza moja. Hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze hapa, na naomba tuyazungumze kwa utulivu, kwa kuwa yanagusa riziki za watu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kununua kwa bei hii na kuuza kwa bei ile ni biashara halali, na mtu asione aibu kutaja cha juu chake. Ila cha juu kina vyanzo viwili. Kuna cha juu cha kazi: umefika Karume alfajiri belo linapofunguliwa, umechambua jozi mia ukapata nne, umeziosha, umezipeleka kwa fundi, umezipiga picha, ukampelekea mteja mpaka Mbagala kwa bodaboda. Na kuna cha juu cha kuziba njia: umezoa kila jozi ili wengine wakose na walazimike kuja kwako, au umeficha jambo ambalo mnunuzi angelijua asingelipa bei hiyo. Cha kwanza nakitetea popote. Cha pili sikitetei, hata pale ambapo hakuna sheria inayokigusa.

Naanza na kuficha, kwa sababu hapo nimewahi kukosea mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Air Jordan 4 ya mtumba kwa shilingi 40,000. Ngozi ilikuwa safi na soli ya chini ilikuwa haijalika hata kidogo, dalili kwamba huko ilikotoka ilikaa tu kabatini. Nilipobonyeza kisigino kwa kidole gumba ili nikioneshe kwenye video, zikadondoka mezani chembe ndogo nyeupe, mfano wa makombo ya mkate. Niliziona. Nikazifuta kwa kitambaa, nikarekodi upande wa pili, na nikaiuza kwa 95,000 kwa mwalimu mmoja wa Morogoro aliyetaka kuivaa kwenye sendofu ya dada yake. Usiku wa sherehe alinitumia picha: soli ya kati imepasuka, vipande vimetapakaa chini ya kiti ukumbini. Hakunitukana. Aliandika maneno mawili tu: "Kaka, ulijua?" Nilimrudishia fedha yote pamoja na gharama ya kifurushi, lakini swali lile sikuweza kulijibu, na hadi leo ndilo ninalojiuliza kabla ya kuweka tangazo lolote.

Kilichotokea kinaeleweka vizuri. Jordan 3, 4 na 5, pamoja na raba nyingine nyingi za aina hiyo, zina soli ya kati ya poliyurethani, aina ya povu la plastiki, na poliyurethani huvunjwa taratibu na unyevu wa hewa, iwe raba inavaliwa au imelala kwenye boksi. Joto na unyevu wa pwani yetu huharakisha kazi hiyo. Jordan 1 na Air Force 1 zinastahimili zaidi, kwa kuwa kuta za soli zake ni za mpira ulioshonwa kuzunguka kiatu. Kwa hiyo muuzaji anapojisifu kwamba jozi yake ina miaka kumi na tano na haijawahi kukanyaga chini, anakupa sifa na onyo kwa pamoja. Mtu anayekusanya raba na kuzipanga kwenye rafu anaweza kuinunua akiwa na amani, lakini anayetaka kuivaa harusini ana haki ya kuambiwa kwamba huenda isimalize ukumbi. Kwenye lebo ya ndani ya Nike huwa pana tarehe za utengenezaji, na mimi siku hizi naipiga picha lebo hiyo kwa karibu, hata kama mteja hakuomba.

Kanuni yangu imekuwa hiyo moja: kila ninachokijua kuhusu raba hii, mnunuzi akijue kabla ya kulipa. Kama fundi amerudishia gundi kwenye ncha, naandika. Kama soli ilikuwa imegeuka njano nikaing'arisha, naandika, kwa sababu unjano huo unaweza kurudi. Kama nimepaka rangi mahali palipochubuka, naonesha picha ya kabla na ya baada. Wiki iliyopita nilikuwa na jozi nzuri sana ya New Balance, na nilipofunua ulimi nikakuta herufi mbili za jina la mtoto zimeandikwa kwa kalamu ya wino, kama wazazi wanavyoandika kwenye viatu vya shule. Ningeweza kuzisugua kwa spiriti zikafifia. Niliziacha, nikazipiga picha, na dada aliyeinunua akaniambia zimemfurahisha. Hata angekataa, ingekuwa haki yake.

Sasa kopi. Hapa najua nitapingwa, lakini sikubaliani na hoja ya kwamba kopi si tatizo mradi umeitaja kuwa kopi. Kwanza, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 haimpi muuzaji ruhusa kwa sababu tu amekuwa mkweli kuhusu bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Pili, ukweli wako unaishia kwa mnunuzi wako wa kwanza. Yeye akiichoka ataiuza, na wa tatu hatasimuliwa. Tena tusidhani kwamba mtumba hauna kopi, kwa maana hata wazungu huvaa feki, na feki hizo huingia kwenye mabelo pamoja na halisi. Ninachofanya ni kulinganisha namba ya mtindo iliyo kwenye lebo, ambayo kwa Nike huwa na alama sita, kistari, na tarakimu tatu. Dunk Low ile nyeusi na nyeupe wanayoiita Panda, kwa mfano, toleo lake la kawaida ni DD1391-100. Namba ikisema mtindo mmoja na kiatu chenyewe ni mwingine, siiuzi. Hata hivyo namba sahihi haithibitishi kila kitu, kwa sababu wanaotengeneza kopi nao wanajua kunakili lebo. Mwaka 2022 Nike ililalamika mahakamani kwamba ilinunua kupitia StockX, soko la mtandaoni la raba, jozi nne za bandia, ilhali jukwaa hilo huzikagua raba kabla hazijamfikia mnunuzi. Ikiwa kampuni yenye wakaguzi wa kulipwa inaweza kufikishwa mahakamani kwa tuhuma kama hiyo, sisi tunaokagua kwa tochi ya simu tusiwe wepesi wa kuapa. Nisipokuwa na uhakika siandiki neno "og", yaani halisi, na siweki bei ya og.

Kuna na tabia ya "bei njoo inboksi". Nimeifanya na nimeiacha. Watu wanajua kwa nini inafanyika: muuzaji anatazama kwanza picha ya wasifu ya mteja, anaona gari au hoteli nyuma yake, na bei inapanda. Mtu mwingine akiuliza raba ileile dakika kumi baadaye anapewa bei tofauti. Kupatana bei ni sehemu ya soko letu na sina ugomvi nako, lakini kupatana kuna maana pale ambapo pande zote mbili zinajua mahali pa kuanzia. Andika bei, kisha pataneni.

Upande wa raba mpya za matoleo machache mambo ni mazito zaidi, na wengi wetu raba hizo tunazipata kupitia ndugu walioko Marekani au Dubai. Tarehe 22 Februari 2005 duka la Reed Space jijini New York lilipouza Nike SB Dunk iliyobuniwa na Jeff Staple, ile yenye njiwa kisiginoni, iliyotengenezwa jozi 150 tu, umati ulijaa mtaani na polisi wakaingilia kati. Wakati ule angalau aliyepata ni aliyelala nje kwenye baridi. Siku hizi foleni iko kwenye simu, na wapo wanaoendesha programu zinazojaza oda mamia kwa sekunde chache, huku kijana aliyesubiri akiambiwa zimekwisha. Marekani ina sheria ya mwaka 2016 inayokataza programu za namna hiyo, lakini inahusu tiketi za maonyesho na michezo, haihusu viatu. Mwezi Machi 2021 makamu wa rais wa Nike aliyesimamia Amerika Kaskazini alijiuzulu baada ya vyombo vya habari kuandika kuhusu biashara ya mwanawe ya kuuza raba kwa cha juu, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikabadilisha masharti yake ili iweze kufuta oda za programu na za wauzaji wa aina hiyo. Mimi nasema hivi: ukipata jozi moja kwa bahati yako na ukaiuza, hujamdhulumu mtu. Ukikodi programu ikuchukulie jozi themanini, umewanyima watu themanini, kisha unawauzia walewale kile ulichowanyima.

Na tafadhali tuwe waangalifu mno na fedha za kuagiza. Mfanyabiashara mmoja wa Oregon alikuwa akipokea malipo ya raba kabla hazijatoka, kwa bei ya chini kuliko ya dukani. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba kwa Jordan 11 Cool Grey peke yake alipokea oda za zaidi ya jozi 600,000 na zaidi ya dola milioni 70, wakati jozi alizoweza kuzipata zilikuwa 6,000 na kidogo. Sidhani kama mambo makubwa namna hii huanza yakiwa makubwa. Mtu huanza kwa kutumia fedha ya mteja wa leo kumnunulia mteja wa jana. Ninyi mnaopokea nusu ya bei kwa ajili ya mzigo ulioko njiani, mpeni mteja tarehe ya mwisho kwa maandishi, na fedha yake msiiguse kwa kazi nyingine.

Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa Mwanza

Nakushukuru kwa uzi huu, lakini nina shaka moja ya kibiashara. Jirani yangu anauza raba zilezile ninazouza mimi, tunazitoa kwenye belo moja. Yeye anapiga picha upande mzuri tu, mimi naonesha kila mkwaruzo, na matokeo yake wateja wanaona kama zangu ni mbovu na zake ni nzima. Ukweli wangu unamnufaisha yeye. Je, nifanyeje bila kufilisika?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mwanza, hilo nimelipitia na halikuisha kwa mwezi mmoja. Nilichogundua ni kwamba kuonesha kasoro peke yake hakutoshi, inabidi ueleze pia kasoro hiyo ina maana gani kwa mvaaji. Mkwaruzo wa ngozi pembeni haubadilishi chochote kwenye kutembea, ilhali ufa mdogo kwenye soli ya kati unaweza kummaliza mtu safarini. Ukimwandikia mteja "mkwaruzo huu ni wa juu juu, soli nimeikunja mara ishirini na haina ufa", anapata taarifa ambayo jirani yako hampi. Halafu mruhusu arudishe ndani ya siku tatu ikiwa kuna jambo hukulitaja. Mimi ninarudishiwa jozi chache mno, na kila inayorudi hunifundisha nilichosahau kupiga picha. Sitakuficha kwamba mwanzoni mauzo yatapungua.

Mchangiaji wa Nairobi

Huku kwetu Gikomba ugomvi mkubwa uko kwenye kamera, yaani zile jozi bora za kwanza zinazotolewa bale linapofunguliwa. Wapo wanaomlipa mwenye bale pembeni ili wazione kamera kabla ya wengine wote, na mama anayeuza rejareja barabarani anabaki na zilizokataliwa. Mimi ni mmoja wa wanaolipa, na najitetea kwamba ninanunua haki ya kuchagua kwa fedha yangu. Lakini nikisoma maneno yako kuhusu kuziba njia, nimekosa raha kidogo. Wewe unaiweka hii upande gani?

Mleta uzi

Swali lako ni gumu na nashukuru umeliuliza kwa uwazi. Kulipia kuchagua mapema kwa bei inayojulikana na kila mtu, ambayo hata yule mama anaweza kuilipa akitaka, naona ni bei ya bidhaa bora kama ilivyo kwa samaki ferini. Kinachonisumbua ni malipo ya siri, kwa kuwa yule mama amefika alfajiri ile ile, ameambiwa belo linafunguliwa saa kumi na mbili, na hajui kwamba lilishafunguliwa saa kumi. Anachambua akidhani ana nafasi sawa. Ningekuwa mimi ningemtaka mwenye bale atangaze. Akikataa kutangaza, hapo ndipo ningejua kwamba ninachokilipia ni kitu kingine.

Mchangiaji wa Kariakoo

Mimi ni winga. Sina duka, sina mzigo, nachukua picha kwenye maduka, naweka cha juu, mteja akilipa ndipo naenda kuchukua. Kwa maelezo yako ya cha juu cha kazi, mimi sina kazi niliyofanya zaidi ya kutembea. Je, unatuondoa kwenye biashara?

Mleta uzi

Hapana, kaka, na naomba usijishushe. Mteja wa Songea hawezi kuzunguka Kariakoo nzima kutafuta namba 46 ya rangi anayoitaka, na wewe umezunguka kwa niaba yake. Hiyo ni kazi kamili. Ninachoomba ni mambo mawili. Usiseme "mzigo ninao hapa" wakati uko kwenye rafu ya mtu mwingine, kwa sababu ukikuta umeuzwa utalazimika kutunga uongo wa pili. Na kabla ya kupokea fedha, nenda ukaishike raba hiyo kwa mikono yako, kwa kuwa picha ya duka haikuoneshi mguu wa kushoto wenye gundi iliyotoka. Ukiishika ukaikagua, cha juu chako kina maelezo.

Mchangiaji wa Arusha

Mmezungumza sana kuhusu anayenunua. Vipi kuhusu anayetuuzia? Juzi nimenunua kwa machinga mmoja jozi kwa 15,000 ambayo najua nitaiuza 180,000. Yeye hakujua ana nini. Nilinyamaza. Nimefanya kosa?

Mleta uzi

Hili nimelifikiria miaka mingi, na jibu langu huenda lisikuridhishe. Kujua zaidi ya mwenzako ni matunda ya miaka yako ya kujifunza, na sioni kuwa una wajibu wa kumfundisha kila unayekutana naye huku mnapatana bei. Kosa linaanza unapofungua mdomo na kusema "hii imechoka sana, nipunguzie", ukijua haijachoka. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili. Ila tofauti ya 15,000 na 180,000 ni kubwa, na yule machinga utakutana naye tena. Mimi jozi kama hiyo ikiuzika hurudi kwa aliyeniuzia, nikampa kitu na nikamuonesha kwenye lebo namna ya kuitambua siku nyingine. Ni kweli, nimepoteza jozi kadhaa kwa njia hiyo, kwa sababu sasa wanazijua na wananitajia bei kamili. Lakini wawili kati yao hunipigia simu kabla hawajamuonesha mtu mwingine, na wananieleza wenyewe kasoro ambazo mimi ningezikuta nyumbani.

Mchangiaji wa Iringa

Mimi ni mnunuzi tu. Nimesoma habari ya Jordan 4 na nimeshtuka, kwani nina Jordan 3 niliyoinunua hivi karibuni kwa mtu wa mtandaoni, na nategemea kuivaa kwenye mahafali mwezi ujao. Nitajuaje kama ni salama?

Mleta uzi

Iangalie tarehe kwenye lebo ya ndani. Ikiwa imezidi miaka kumi, usiivae moja kwa moja siku ya mahafali, ifanyie majaribio nyumbani. Weka gazeti chini, bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba kuanzia kisigino hadi mbele, kisha ikunje taratibu na utazame kama rangi ya pembeni inafanya nyufa nyembamba kama za chungu kikavu. Ivae ukitembea sebuleni kwa nusu saa, halafu kagua gazeti. Ikiwa ni safi, endelea kuivaa kidogo kidogo mpaka siku hiyo, na usiihifadhi kwenye mfuko wa nailoni unaofungia unyevu. Ukikuta nyufa, fundi mzuri anaweza kubadilisha soli nzima, japokuwa gharama yake mara nyingi inakaribia bei ya kiatu chenyewe. Na ukikuta makombo kwenye gazeti, yapige picha kabla hujayafuta, umtumie aliyekuuzia leo hii. Kama muuzaji huyo ni mimi, namba yangu unayo, na fedha yako utaipata kabla ya mahafali.